Bolti Tatu za Bomba la Moshi

"Jumatatu siendi," Esnah alisema, akasukuma sahani pembeni. "Msinipeleke popote. Nimechoka."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira! Angefoka, wangemjibu, wangebishana, yangeisha. Alisema kama mtu anayekataa kuongezewa chai, na hilo ndilo lililomtia hofu Kwamboka, mke wa mwanawe Ronny. Figo za Esnah ziligoma mwaka uliopita. Kila Jumatatu na Alhamisi ilibidi ateremke kutoka hapo kwao Magwagwa hadi hospitalini Kisii, alazwe kando ya mashine, damu yake isafishwe, ndipo arudi. Asipoenda atakufa, na hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa hajui hivyo.

Walikuwa wametoka kanisani, Jumamosi ya Sabato, chakula ni kile kilichopikwa Ijumaa. Hakuna aliyekula tena.

"Ni mashine inakuchosha, Mama?" Kwamboka aliuliza.

"Mashine nimeizoea. Ni safari. Kichwa kinaanza kunigonga hata kabla hatujafika Nyamira mjini. Nikifika Kisii natapika, wauguzi wananishangaa, na hata sindano sijachomwa. Basi, imetosha."

Mume wa Esnah, Mzee Mathew, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Huyu alikuwa ameendesha lori la majani chai tangu ujana wake hadi kustaafu, na maneno yake yalikuwa machache. Aliinuka akatoka nje, wakasikia mlango wa pikapu yao ukifunguliwa na kufungwa.

"Nimekuongezea blanketi," alisema aliporudi. "Ni baridi inakuumiza. Asubuhi huko njiani kuna baridi ya kukata masikio."

"Si baridi, baba Ronny."

"Ni baridi tu," Mathew alisema, akachukua Biblia yake akarudi kanisani kwa kipindi cha alasiri mapema kuliko ilivyohitajika.

Kwamboka aliosha vyombo huku neno moja limemganda kichwani. Kabla ya kufika Nyamira mjini. Yaani ndani ya gari.

Sasa hapa utauliza, na una haki ya kuuliza: huyu Kwamboka si ndiye makanika? Si ndiye anayeshinda gereji kule Kisii karibu na Daraja Mbili, wanaume wazima wakimletea magari yao? Na kila Jumatatu si alikuwa anapanda pikapu hiyo hiyo kurudi kazini? Alipanda, ndiyo. Alipanda nyuma, juu ya mikungu ya ndizi, leso kichwani, upepo unampiga makofi. Mbele kuna kiti kimoja kirefu, na mke wa mwana hakai bega kwa bega na baba mkwe. Ndiyo chinsoni hiyo, adabu ya Wakisii kati ya mkwe na mkwe. Baba mkwe hakupi mkono. Haingii nyumbani kwako. Na wewe hulali chali chini ya gari lake, miguu nje, yeye akiwa amesimama hapo. Kwa hiyo makanika wa nyumba alikuwa hajawahi hata kuinama kulitazama gari la nyumba! Adabu ilitimizwa yote, haikupungua hata tone. Na kupitia kioo cha nyuma, Jumatatu baada ya Jumatatu, alikuwa amekiona kichwa cha Esnah kikilegea na kuegemea mlango, akajiambia mama amesinzia, acha apumzike.

Alijiona mjinga, tena mjinga wa kutupwa. Akafuta mikono, akaenda kwenye gari.

"Mungu wangu, hii si kazi," alinong'ona, maana Sabato ilikuwa bado haijaisha. "Nanusa tu."

Aliketi upande wa Esnah. Mzee alikuwa amepatengeneza mahali pale vizuri mno. Palikuwa na mto mdogo wa kuegemea, gunia safi la kukanyagia, na kwenye ufa wa kioo alikuwa ameshindilia vitambaa, kimoja kimoja, upepo usipate pa kupenya. Kioo cha upande wa dereva, ambacho kilikuwa kibovu na hakipandi hadi juu, hakikuzibwa. Baridi yake mwenyewe hakuijali. Kwamboka akajifunika mablanketi hadi puani, kama alivyokuwa akimwona mama akifunikwa, akanyoosha mkono akawasha injini.

Kwanza alisikia sauti. Tss, tss, tss, huko chini karibu na injini, kama mtu anayesonya kwa kujizuia. Kisha joto likapanda miguuni, zuri, la kubembeleza, likajaa ndani ya blanketi. Macho yakaanza kuwasha. Baada ya muda kichwa kikawa kizito na mapigo yakaanza kugonga kwenye paji la uso. Alizima injini, akasukuma mlango, akatoa miguu nje akawa anahema. Moshi ulikuwa unavuja kwenye bomba, unapita kwenye sakafu iliyoliwa na kutu, unaingia ndani ya blanketi. Mzee alikuwa na ule uwazi wa kioo kibovu wa kuvutia pumzi. Esnah alikuwa amefungiwa na moshi kila safari, kwa mapenzi.

Ndivyo Mathew alivyomkuta aliporudi kutoka kanisani, ameshika kichwa katika kiti cha mkewe. Kwamboka aliruka chini, akajifunga leso upya, akainamisha macho. Mzee akageuka kutazama migomba.

Mazungumzo yakafanyikia kibarazani, Esnah akiwa kwenye kiti katikati yao. Baba mkwe Kwamboka alimwita Tata, yaani baba.

"Mama, mwambie Tata bomba la moshi linavuja pale linapoungana na injini. Moshi unapanda miguuni pako. Ndio unaokuumiza kichwa."

Mathew alikuwa hatua chache tu kutoka hapo na masikio yake mazima kabisa, lakini alimngoja mkewe amgeukie.

"Mwambie bomba hilo nimelikaza mwenyewe," alisema. "Likilia nalikaza. Lililia tena, nikatia paipu kwenye spana nipate nguvu, nikalikaza mpaka likaomba msamaha. Haliwezi kuvuja."

"Mama, mwambie hiyo ndiyo sababu. Likikazwa kupita kiasi, chuma cha bomba kinapinda pale kwenye bolti, gasketi, ile pete ya kuzibia, inapondeka. Kila akiongeza nguvu, linavuja zaidi. Litakazwa kwa toki renchi."

"Toki nini?" Esnah aliuliza.

"Spana ya kupima nguvu, Mama. Unaiwekea kipimo. Kikifika inalia tak, unaacha."

Mathew alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Mwambie hiyo ni ya kufungia hedi ya injini. Mimi nimefunga ekzosti kwa mkono huu tangu yeye hajazaliwa. Bomba la moshi ni bomba tu! Nani amewahi kulipima?"

"Mama, mwambie..."

"Mimi ni mgonjwa, jamani, si simu!" Esnah alisema, shingo imemchoka kwa kugeuka huku na huku. "Na mlifunge hata kwa dhahabu, nimesema siendi."

Kwamboka alipiga magoti mbele ya kiti chake. "Nipe kesho, Mama. Kesho tu. Kama ni moshi, basi safari haina kosa, wala wewe hujaishiwa na nguvu. Nikishindwa sitakusumbua tena."

Esnah alimtazama, kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa akichubua ngozi ya kidole gumba kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu.

"Haya, kesho," alisema.

Asubuhi ya Jumapili Kwamboka alishuka Kisii. Mwenye gereji, Cleophas, Msabato mwenzake, alikuwa tayari ndani ya ovaroli. Alimpa gasketi mpya, bolti tatu, kipande cha bomba kilichotumika lakini kilichonyooka, na kuhusu vyote hivyo hakuuliza swali. Alipoombwa toki renchi akaweka mikono kiunoni.

"Ya ekzosti? Kwamboka, umeokoka upya? Hapa tunafunga ekzosti kwa mkono na magari yanafika Malaba mpakani bila kukohoa. Mimi mwenyewe sijawahi kuipima hata siku moja."

"Mkono wangu ningeuamini, Cleophas. Hata wako. Lakini ni gari la baba mkwe, na yeye ndiye atakayelihudumia nikiwa huku. Akikaza, nani atamwambia acha? Mimi?"

Cleophas naye alikuwa na wakwe. Alienda kwenye kabati, akaitoa ile spana ndefu kwenye kasha lake, akaipangusa kwa kitambaa safi.

"Hii itamwambia," alisema. "Usiiangushe, tafadhali."

Nyumbani, Mathew alikuwa ameshaliweka gari juu ya jeki na magogo, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, kazi nadhifu ya mtu anayejua magari. Kisha akaenda kusimama kwenye migomba, mgongo ameupa gari. Kwamboka alivua leso, ovaroli ikabaki, akajilaza juu ya kadibodi akaingia chini. Alilegeza, akapaka mafuta, akangoja, akalegeza tena. Bolti moja ilikuwa imekatika na kubaki ndani, akaitoa kwa koleo na kwa subira nyingi. Bomba la zamani lilipotoka, chuma chake kilikuwa kimepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa.

"Mama, niondolewe lile gunia la kukanyagia nione tundu la sakafu," aliita.

Alisikia hatua za mzee, mlango ukafunguka. Gunia likavutwa, na mwanga ukamwagika kupitia tundu pana la kutu moja kwa moja usoni kwake. Nyuma ya mwanga akauona uso wa Mathew, umeinama. Walitazamana. Kwa miaka yote aliyokaa katika boma lile walikuwa hawajawahi kutazamana hivyo. Mzee alipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, kikatoka cheusi tititi. Akakitazama. Masizi yalikuwa yametapakaa sakafuni chini ya gunia, pale pale ambapo miguu ya Esnah hukaa. Uso wake ukajikunja, halafu ukaondoka tunduni.

Kulifunga bomba jipya kulihitaji mikono zaidi. Mmoja alishikilie likae sawa, mwingine akaze, na bolti ya tatu ilikaa upande ambao Kwamboka hakuufikia.

"Esnah, mwambie kwa kuwa Ronny hayupo, nitamwita Mokua wa hapo jirani amshikie," Mathew alisema. Kisha akafikiria. Mokua, mwanamume mzima, alale chini ya gari na mke wa Ronny? "Hapana. Mokua hapana."

Na hapo Esnah alicheka. Alicheka hadi akashika mbavu, kicheko chembamba cha mgonjwa, lakini ni kicheko.

"Leteni kiti changu," aliamuru. "Mimi nitakaa hapa kando ya gurudumu. Baba Ronny, wewe piga magoti upande huu, ingiza mikono peke yake, uso utazame migomba. Kwamboka abaki upande ule. Mungu anaona na mimi naona. Mnataka shahidi gani mwingine?"

Hivyo ndivyo kazi ilivyofanyika, na kama kuna gereji duniani iliyowahi kufanya kazi hivyo, nionyeshwe. Mikono miwili ya kizee ilitokea chini ya gari, imechanika, imepindapinda, ikalibeba bomba bila kutikisika. Kwamboka alizungusha nati zote tatu kwa vidole, akaenda kidogo kidogo, hii kidogo, ile kidogo. Kisha akaichukua toki renchi. Ya kwanza, tak. Ya pili, tak.

"Moja ilikatika mapema," mikono ilisema. Yaani mzee alisema, lakini Kwamboka aliiona mikono tu. "Sikumwambia mtu. Nikazikaza zile mbili kwa niaba yake. Nilidhani nikikaza sana ndiyo itakuwa salama."

Esnah alikuwa hapo juu ya kiti, anasikia. Hakutafsiri wala hakupeleka ujumbe.

Kwamboka aliilaza spana chini, akaisukuma kwa ncha za vidole hadi katikati. Mkono wa mzee ukaipapasa, ukaipata. Akaiingiza kwenye nati ya tatu, akavuta. Alivuta taratibu, kwa nguvu ile ile ya kufungia magurudumu ya lori, na spana ikalia tak.

Mkono haukuachia. Kwamboka aliona mishipa imesimama, akaona jinsi mkono ule ulivyotaka kuongeza kidogo tu, kwa usalama, kwa ajili ya Esnah. Asingeweza kusema acha. Mdomo wake usingeweza kulitamka neno lile kwa mtu yule hata gari lingewaka moto.

Vidole vikalegea.

"Imetosha?" mzee aliuliza. Hakusema mwambie wala mwulize. Alimuuliza yeye.

"Imetosha, Tata."

"Lakini sijasikia imekaza."

"Imekaza, Tata. Hapo hapo ndipo inapotakiwa."

Walilifunika tundu la sakafu kwa bati na kulifunga vizuri. Injini ikawashwa hadi chuma kikapata moto, ikazimwa hadi kikapoa, na Kwamboka akarudi chini kuzijaribu bolti tena. Zilikuwa zimekaa. Injini ilipowashwa mara ya mwisho, ile sauti ya kusonya haikuwapo tena.

"Panda ujaribu, Mama."

Esnah alikwenda hadi mlangoni mwa gari, akakitazama kiti chake, akarudi nyuma.

"Siwezi," alisema, sauti ndogo. "Naogopa, mwanangu. Kila nikiingia humo natoka nusu. Nusu nyingine sijui huwa naiacha wapi."

Spana ya kupima Kwamboka alikuwa nayo, gasketi mpya alikuwa nayo, lakini cha kufunga hofu hakuwa nacho. Alisimama hapo mikono michafu, anaona Jumatatu inateleza.

Mathew ndiye aliyesogea. Alikisukuma kioo kibovu cha dereva kwa viganja hadi kikafika juu kabisa, akazunguka, akaketi mahali pa mkewe. Akajifunika blanketi la kwanza, la pili, la tatu, hadi puani. Akafunga mlango.

"Tata!" Kwamboka alishtuka, akashika kitasa. Ndani, mzee alitikisa kichwa kukataa.

Akakaa. Injini inanguruma, vioo vimefungwa, mzee anatazama mbele kama aliye safarini. Wanawake wawili walisimama nje wakimtazama. Alikaa hadi jua likahama kutoka kwenye kioo, na kila Kwamboka aliposhika kitasa, kichwa kilitikiswa. Kisha mabega yakaanza kutetemeka chini ya mablanketi.

Kwamboka alifungua mlango kwa nguvu, akaingiza kichwa, akavuta pumzi ndefu. Blanketi, sabuni, mzee. Hakuna kingine.

"Ni moshi?" Esnah aliuliza nyuma yake. "Niambie, ni moshi?"

"Hakuna moshi, Mama. Analia."

"Nilikuwa nakufunika," Mathew alisema, machozi yakiingia katika ndevu zake za mvi. "Esnah, kila asubuhi nilikuwa nakufunika. Nilikuwa naziba hata pale padogo."

Esnah alimwangalia yule mwanamume aliyejiviringisha kwenye mablanketi mchana wa jua.

"Ndiyo bahati yangu hiyo," alisema. "Ningeolewa na mume mbaya angeniacha nipigwe na upepo, na kichwa kisingeniuma. Sogea huko."

"Bado. Acha nikae zaidi, tuwe na hakika."

"Sogea, nimesema."

Alisogea. Esnah alipanda, akaketi, akavuta mlango ukafungwa. Kwamboka alibaki nje na injini inaendelea kunguruma. Hakutaka kuwatazama, akainama kukusanya spana, lakini sauti ya Esnah ilimfikia kupitia kioo. Alikuwa anaongea. Mwanzoni kidogo kidogo, kama anayejaribu maji kwa kidole, kisha akashika kasi, akawa anaongea kama alivyokuwa akiongea zamani, mumewe akiitikia mm, mm. Alikuwa anamsema kuhusu paa la jiko. Kwamba amelitazama tu linavyovuja na yeye ni mwenye mikono. Kwamba kesho wakitoka hospitalini wapitie Daraja Mbili, anataka kununua mbegu za chinsaga, maana mboga za jirani ameshachoka kuziomba. Na paa alitaka litengenezwe kabla ya mvua za mwakani, amesikia? Mwakani hatapika tena akiwa amejifunika karai kichwani kwa kuvujiwa.

Mwakani. Tangu figo zigome, Kwamboka alikuwa hajalisikia neno hilo kinywani mwa Esnah. Alizunguka nyuma ya pikapu wasimwone, akaketi chini na ovaroli yake yenye masizi, akalia hadi akaitwa kuja kuzima injini, kwa sababu petroli haiokotwi.